Otto Stern: Mkimbizi aliyeifichua siri ya elektroni

LOKIRIAMA ni kituo kidogo magharibi mwa Lodwar, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, lakini jina lake ni kubwa miongoni mwa wafugaji wa pande zote mbili. Ni hapo ambapo Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walizika silaha mwaka 1973 na kuapa kwamba hawatashambuliana tena. Mkataba huo unakumbukwa hadi leo, na wazee huutaja kila amani inapotikisika.

Kaskazini-magharibi mwa Lodwar, umbali wa zaidi ya kilomita mia moja kwa barabara, ipo Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko mwaka 1992 kuwapokea watu waliotoroka vita nchini Sudan, wengi wao wakiwa wavulana waliotembea kwa miguu bila wazazi. Baadaye walifuata Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengineo.

Katika eneo ambalo watu wake wanajua maana ya kufukuzwa na maana ya kupokewa, maisha ya Otto Stern yana uzito wa pekee. Alikuwa mwanafizikia Mjerumani wa ukoo wa Kiyahudi, aliyeiacha maabara yake mwaka 1933 na kuvuka bahari akiwa mtu asiye na kwao. Aliacha nyuma kazi ambayo ulimwengu ungali unavuna matunda yake.

Kwa hakika, kila mtafiti anayejaribu leo kutengeneza kompyuta isiyokula umeme mwingi kwa kutumia nyenzo nyembamba kama atomu moja anafuata njia ambayo Stern aliifungua mwaka 1922. Cha kustaajabisha ni kwamba yeye mwenyewe hakujua wakati huo ni nini hasa alichokiona.

SUMAKU NDANI YA ELEKTRONI

Elektroni ni chembe ndogo mno zinazopatikana katika kila atomu. Zinapotiririka ndani ya waya, huo ndio umeme unaowasha taa na kuchaji simu.

Hata hivyo, kubeba chaji ya umeme sio sifa ya pekee ya elektroni. Kila moja pia ni sumaku ndogo. Ajabu ya sumaku hiyo ni kwamba, inapopimwa, huonekana imeelekea upande mmoja kati ya pande mbili tu: juu au chini. Hakuna mshazari, wala hakuna katikati.

Wanasayansi huiita sifa hiyo spini, neno lililotokana na kuzunguka kwa pia wanayoichezea watoto. Mfano huo ni wa kusaidia tu, kwa sababu elektroni haizunguki kwa hakika kama pia. Lakini jina limekwisha kukaa, na hakuna aliyepata lililo bora zaidi.

Umuhimu wake ni rahisi kuuelewa. Kompyuta huandika kila kitu kwa alama mbili, sifuri na moja. Kitu ambacho kwa maumbile yake kina hali mbili tu, juu na chini, ni kama kalamu iliyotengenezwa tayari kwa kazi hiyo. Swali ni jinsi ya kuishika kalamu hiyo na kuigeuza upendavyo.

MTOTO WA MFANYABIASHARA WA NAFAKA

Otto Stern alizaliwa tarehe 17 Februari 1888 katika mji wa Sohrau, jimbo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya Ujerumani. Leo mji huo unaitwa Żory na umo nchini Poland. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka na unga, na familia ilihamia jiji la Breslau Stern angali mtoto mdogo.

Mali ya familia ilimpa kijana huyo uhuru ambao wengi hawakuwa nao. Alisoma katika vyuo vikuu vya Freiburg, Munich na Breslau pasipo haraka ya kutafuta riziki, akachagua kemia ya kifizikia, na mwaka 1912 akatunukiwa shahada ya uzamifu huko Breslau.

Mwaka uo huo alichukua hatua iliyobadilisha maisha yake. Alifunga safari hadi Prague kufanya kazi na Albert Einstein, ambaye alikuwa na umri wa miaka 33 na hakuwa bado maarufu duniani kote. Einstein alipohamia Zurich, Stern alimfuata.

Huko Zurich alijifunza jambo ambalo halimo vitabuni, nalo ni kuuliza swali linalofaa. Einstein alimzoesha kutofautisha matatizo yanayostahili kufikiriwa na yale yanayostahili kuachwa.

Mwaka 1913 mwanasayansi wa Denmark, Niels Bohr, alitoa dhana mpya kuhusu umbo la atomu. Stern na rafiki yake Max von Laue hawakuipenda hata kidogo. Inasimuliwa kwamba wawili hao waliapa kuachana na fizikia iwapo upuuzi huo, kama walivyouona, ungethibitishwa kuwa kweli.

Kiapo hicho hakikutimizwa, na yeye Stern ndiye aliyekuja kutoa ushahidi uliowanyamazisha wengi waliokuwa na shaka kama yake.

VITA NA UFUKARA

Mwaka 1914 alihamia Chuo Kikuu cha Frankfurt, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilizuka punde. Stern aliingia jeshini na kwa muda alihudumu katika kituo cha kupima hali ya hewa huko Lomza, mashariki mwa Poland. Kazi ya kuandika vipimo haikumchosha akili, naye alitumia saa zilizosalia kupiga hesabu za nadharia.

Vita vilipokwisha alirudi Frankfurt, kwenye idara ndogo iliyoongozwa na Max Born. Hali ya uchumi ilikuwa mbaya. Sarafu ya Ujerumani ilikuwa ikipoteza thamani kwa kasi, na vifaa vya maabara vilikuwa ghali kupindukia.

Hapo ndipo Stern alipoamua kuacha kukokotoa na kuanza kupima. Mwaka 1920 aliyeyusha madini ya fedha ndani ya ombwe, akaziacha atomu zitoke kwa mstari mwembamba, na kupima mwendo wake. Alipata takribani mita 600 kwa sekunde, karibu na kiwango kilichotabiriwa na nadharia miongo mingi awali.

Jaribio hilo lilikuwa mlango tu. Stern alikuwa ametambua kwamba akiweza kuzituma atomu kwa mwale mwembamba bila kugongana na hewa, basi anaweza kuziuliza swali lolote, moja baada ya jingine.

USIKU WA FEBRUARI 1922

Swali alilolichagua lilikuwa la ujasiri. Nadharia ya Bohr, kama ilivyopanuliwa na Arnold Sommerfeld, ilidai kwamba sumaku ya atomu haiwezi kuelekea popote ipendapo. Ilipaswa kuchagua pande chache tu. Wengi, hata miongoni mwa walioiamini nadharia hiyo, waliliona dai hilo kuwa hila ya hesabu isiyo na maana halisi.

Stern aliona njia ya kulijaribu. Ukipitisha mwale wa atomu za fedha kati ya ncha za sumaku ambayo nguvu yake inaongezeka kwa kasi kutoka upande mmoja hadi mwingine, kila atomu itavutwa kulingana na mwelekeo wake. Kama mielekeo ni mingi isiyohesabika, mwale utatanuka na kuacha doa moja pana. Kama mielekeo ni miwili, mwale utagawanyika mara mbili, kama mto unaopita pande mbili za kisiwa.

Wazo lilikuwa la Stern, lakini mikono yenye ustadi ilikuwa ya Walther Gerlach, mwanafizikia wa idara jirani. Wawili hao waliunda mtambo mdogo uliohitaji tanuri lenye joto la nyuzi takribani elfu moja, karibu na sehemu nyingine zilizopaswa kubaki baridi. Mianya ya kupitisha mwale ilikuwa na upana wa sehemu chache za mia za milimita. Vioo vilipasuka, pampu zikaharibika, na mara nyingi kazi ya siku nzima ilianzwa upya usiku.

Fedha za kuendesha kazi zilitoka hapa na pale, haba na haba. Born alitoa mihadhara ya hadhara kuhusu nadharia ya Einstein na kuwatoza wasikilizaji kiingilio, mapato yakaenda maabara. Henry Goldman, tajiri wa New York ambaye familia yake ilitoka eneo hilo, aliombwa msaada na akatuma hundi ya dola mia kadhaa. Wakati ule wa mfumuko wa bei, dola chache zilikuwa mali nyingi.

Kuna kisa ambacho Stern alikisimulia miaka mingi baadaye. Gerlach alipokitoa kipande cha kioo kilichopigwa na mwale hakukuwa na alama yoyote. Stern alikichukua, akakikaribia kukitazama, na polepole mstari mweusi ukaanza kujitokeza. Sababu ilikuwa biri za bei nafuu alizokuwa akizivuta kwa kuwa mshahara wake ulikuwa mdogo. Biri hizo zilikuwa na salfa nyingi, na salfa inapoigusa fedha huigeuza nyeusi. Umaskini wake ulikuwa umemsaidia kuona.

Kufikia wakati huo Stern alikuwa amekwisha kupata kazi ya uprofesa huko Rostock, na Gerlach aliendelea Frankfurt. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Februari 1922 jibu lilipatikana. Alama kwenye kioo ilikuwa imegawanyika katikati, mfano wa midomo miwili iliyoachana kidogo. Nafasi kati ya midomo hiyo ilikuwa sehemu mbili za kumi za milimita. Gerlach alimpelekea Stern habari kwa simu ya maandishi, na kwa Bohr akatuma kadi yenye picha ya alama hiyo.

WALICHOKIONA BILA KUKIJUA

Stern na Gerlach waliamini kwamba wameithibitisha nadharia ya Bohr na Sommerfeld. Dunia ya fizikia iliamini vivyo hivyo. Kumbe sivyo.

Mwaka 1925 vijana wawili wa Uholanzi, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, walipendekeza kwamba elektroni yenyewe ina sumaku yake, mbali na mwendo wake kukizunguka kiini cha atomu. Hata wao hawakulitaja jaribio la Frankfurt kama ushahidi.

Baada ya muda ndipo fumbo lilipofumbuliwa. Atomu ya fedha ina elektroni 47, na 46 kati ya hizo zimejipanga kiasi kwamba sumaku zake zinafutana. Inabaki moja tu upande wa nje. Mwale uligawanyika mara mbili kwa sababu ya spini ya elektroni hiyo moja. Stern na Gerlach walikuwa wameiona spini kwa macho yao miaka mitatu kabla haijapewa jina.

Hapa pana funzo kuhusu kazi ya sayansi. Nadharia iliyowaongoza ilikuwa na kasoro, lakini kipimo kilikuwa sahihi, na kipimo sahihi hakizeeki.

HAMBURG, MIAKA YA NEEMA

Mwaka 1923 Stern alihamia Chuo Kikuu cha Hamburg na kupewa idara yake mwenyewe. Miaka kumi iliyofuata ilikuwa kilele cha maisha yake. Maabara yake ikawa mahali ambapo vijana kutoka nchi nyingi walikuja kujifunza kuziongoza atomu.

Miongoni mwao alikuwa Isidor Rabi kutoka Marekani, ambaye naye alizaliwa katika familia ya Kiyahudi iliyohama kutoka Ulaya ya mashariki. Rabi alikuja kusoma nadharia lakini akavutwa na mitambo ya Stern.

Alikuwapo pia Wolfgang Pauli, bingwa wa nadharia na rafiki mkubwa wa Stern. Pauli alikuwa na sifa ya ajabu: watu walisema kwamba akikaribia mtambo wowote, mtambo huo huharibika. Stern alikuwa mtu wa vipimo na hakuamini uchawi, lakini hakutaka kubahatisha. Alimpenda Pauli mezani na kumpiga marufuku maabara.

Pamoja na msaidizi wake Immanuel Estermann, Stern alionyesha kwamba hata atomu nzima za heliamu, zinaporushwa kwenye fuwele, hutawanyika kama mawimbi ya maji yanavyofanya yanapokutana na kizuizi. Kwa hiyo dhana kwamba maada ina tabia ya wimbi haikuwa ya elektroni pekee.

Kisha, akiwa na Estermann na Otto Frisch, alijaribu kupima sumaku ya protoni, chembe iliyomo ndani ya kiini cha atomu. Mabingwa wa nadharia walimwambia anapoteza wakati kwa kuwa jibu lilikwisha kujulikana. Mwaka 1933 kipimo kilionyesha kwamba sumaku hiyo ina nguvu zaidi ya maradufu kuliko walivyotarajia. Ikawa dalili ya kwanza kwamba protoni si chembe sahili kama ilivyodhaniwa.

Matokeo hayo yalipatikana wakati nyumba ilikuwa inaungua.

MWAKA WA KUFUKUZWA

Mnamo Januari 1933 Adolf Hitler alishika hatamu za serikali. Tarehe 7 Aprili ilitangazwa sheria iliyowaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma, vyuo vikuu vikiwemo.

Stern angeweza kubaki kwa muda, kwa vile sheria hiyo iliwaachia nafasi baadhi ya waliopigana katika vita vya 1914 hadi 1918. Lakini wasaidizi wake wa karibu walipewa barua za kufutwa kazi. Inasimuliwa pia kwamba aliamriwa kuiondoa picha ya Einstein iliyotundikwa ofisini mwake.

Hakusubiri zamu yake. Alijiuzulu, na kufikia Oktoba 1933 maabara iliyokuwa fahari ya Hamburg ilikuwa imebaki majengo na vyuma. Stern na Estermann walielekea Pittsburgh, Marekani, ambako Taasisi ya Teknolojia ya Carnegie iliwapokea. Frisch alikwenda London, kisha Copenhagen.

Ujerumani haikuchukua muda kuona ilichokipoteza, ingawa haikukiri. Mwishoni mwa mwaka 1938 na mwanzoni mwa 1939 ni Frisch, akiwa uhamishoni pamoja na mama yake mdogo Lise Meitner, waliofafanua jinsi kiini cha urani kinavyopasuka. Maarifa hayo yaliishia mikononi mwa maadui wa Hitler.

Gerlach kwa upande wake alibaki Ujerumani. Mwaka 1944 alikabidhiwa usimamizi wa utafiti wa nyuklia wa serikali hiyo, na vita vilipokwisha mwaka 1945 alizuiliwa nchini Uingereza kwa miezi kadhaa pamoja na wanasayansi wenzake. Majina mawili yanayotajwa kwa pumzi moja katika kila kitabu cha fizikia yalikuwa yametenganishwa na serikali iliyopima watu kwa damu yao.

UGENINI

Marekani ilimpa Stern usalama, lakini haikumrudishia Hamburg. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na rasilimali alizozipata Pittsburgh zilikuwa pungufu. Wanafunzi hodari hawakumzunguka kama zamani. Aliendelea kufanya kazi na mwaka 1939 akawa raia wa Marekani, ila moto wa awali haukuwaka tena vilevile.

Wakimbizi wa Kakuma wanalijua jambo hili bila kuelezwa. Mwalimu, fundi au muuguzi anapokimbia, maarifa yake huvuka mpaka pamoja naye. Lakini maarifa yanahitaji vifaa, wenzake wa kazi, na ruhusa ya kuyatumia, na hivyo havibebwi mgongoni.

Kwa muda mrefu Kamati ya Nobel ilimpita. Kati ya 1925 na 1945 alipendekezwa mara 82, idadi ambayo wanafizikia wachache sana wamewahi kuifikia. Hatimaye, mwishoni mwa 1944, alitangazwa mshindi wa tuzo ya mwaka 1943 kwa njia yake ya miale ya molekuli na kwa ugunduzi kuhusu sumaku ya protoni. Jaribio la mwaka 1922 halikutajwa katika maneno ya tuzo hiyo.

Wakati uo huo tuzo ya mwaka 1944 ilikwenda kwa Rabi, mwanafunzi wake wa Hamburg. Kwa sababu ya vita walipokea heshima hiyo New York badala ya Stockholm.

Baada ya vita Stern alistaafu mapema na kuhamia Berkeley, California, karibu na dada zake. Hakuwahi kuoa. Alipenda sinema, chakula kizuri na biri, ambazo sasa alimudu kununua za bei.

Ujerumani mpya ilikuwa tayari kumlipa malipo ya uzeeni. Alikataa. Alizuru Ulaya mara kwa mara, hasa Zurich aliyoipenda tangu ujana, lakini hakurejea kuishi katika nchi iliyomfukuza.

Si kila jeraha hupata Lokiriama yake. Amani ya mwaka 1973 iliwezekana kwa sababu pande mbili zilizotendeana mabaya zilikaa chini na kila moja ikazika silaha zake. Kwa Stern hapakuwa na shimo la kuzika kitu. Yeye hakuwa amemshambulia mtu.

MATUNDA YA MWALE ULIOGAWANYIKA

Mbegu alizozipanda zilichipua mahali pengi. Rabi aliiendeleza njia ya miale, na mwaka 1938 akaonyesha jinsi mawimbi ya redio yanavyoweza kugeuza sumaku za viini vya atomu. Kutoka hapo zilizaliwa mashine za hospitali zinazopiga picha za ubongo na mwili bila kisu. Saa za atomu, zinazoendesha setilaiti zinazoelekeza simu na magari, nazo zilitokana na miale hiyo.

Mwaka 1988 Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, waligundua kwamba spini inaweza kutumiwa kubadilisha sana mkondo wa umeme katika matabaka membamba ya chuma. Ugunduzi huo uliwezesha diski za kompyuta kuhifadhi habari nyingi zaidi, na uliwapa tuzo ya Nobel mwaka 2007.

Hatua iliyofuata ni kuitawala spini katika semikondakta, yaani nyenzo zinazopitisha umeme kwa kiasi na ambazo ndizo moyo wa kila simu na kompyuta. Mwaka 1990 Supriyo Datta na Biswajit Das, wakiwa Marekani, walipendekeza swichi ambayo ingegeuza spini kwa nguvu ya umeme pekee, bila sumaku kubwa. Wazo hilo linategemea ukweli kwamba elektroni inayokimbia mahali penye nguvu ya umeme huihisi kana kwamba ni sumaku.

Uwanja mpya ulifunguka mwaka 2004. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walibandua tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja kwa kutumia utepe wa gundi wa kawaida. Nyenzo hiyo, grafini, ni nyembamba kiasi kwamba matabaka takribani 300,000 yangehitajika kufikia unene wa karatasi.

Ndani ya grafini spini husafiri mbali bila kupotea, ila ni vigumu kuigeuza. Katika nyenzo nyingine nyembamba, kama zile za molibdenamu na salfa, mambo ni kinyume: spini imefungamana sana na mwendo wa elektroni. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba mwanga unaozunguka kulia au kushoto unaweza kuchagua aina ya elektroni zinazoamshwa humo. Baadaye wengine waliipandisha grafini juu ya nyenzo za jamii hiyo ili iazime sifa inayoikosa.

Mwaka 2017 ilithibitishwa kwamba nyenzo ya kromiamu na ayodini hubaki sumaku hata ikiwa tabaka moja tu, na mwaka uliofuata sumaku hiyo ikageuzwa kwa volteji. Kikwazo ni baridi, kwa sababu sumaku hiyo haiishi ila chini ya nyuzi 228 chini ya sifuri. Kifaa kitakachotumika Lodwar, mji unaojulikana kwa jua lake kali, kinahitaji nyenzo yenye ustahimilivu mwingine kabisa. Utafutaji wa nyenzo hizo unaendelea.

Faida inayotarajiwa si ndogo. Kusukuma chaji huku na huko huzalisha joto na kula umeme. Kugeuza spini huenda kukahitaji nguvu kidogo zaidi, na spini iliyokwisha kugeuzwa inaweza kubaki hivyo hata umeme ukikatika. Kwa familia inayotegemea kipande kimoja cha sola kuchaji simu, tofauti hiyo ina maana.

Kenya haiko nje ya safari hii. Mwaka 2012 Eldoret, mji ulio kusini kwenye njia ya kwenda Kitale na Lodwar, ulikuwa mwenyeji wa shule ya Afrika inayowafunza watafiti vijana kukokotoa tabia za elektroni ndani ya nyenzo. Kazi hiyo haihitaji tanuri wala pampu. Inahitaji kompyuta, hesabu na subira, na kwa hivyo ni mlango ambao hata mwanafunzi wa mbali na maabara kubwa anaweza kuupita.

Otto Stern alifariki dunia tarehe 17 Agosti 1969 huko Berkeley, akiwa na umri wa miaka 81. Moyo ulimsimama akiwa ndani ya jumba la sinema, gizani, akitazama picha zinazotembea kwenye mwale wa mwanga.

Chuo cha Hamburg kilichukua miaka mingi kukubali jinsi kilivyojidhulumu chenyewe kwa kumwacha aende. Pittsburgh, iliyompokea na vifaa haba, ina jina lake katika orodha ya washindi wake wa Nobel. Ndivyo hesabu ya wakimbizi inavyokwenda: anayefukuza hulipa deni asilolijua, na anayefungua mlango hajui bado amempokea nani.